Kadhi Aliyempenda Sultani Wake



Mtu akifa kijijini watu hukusanyika matangani, na mmoja husimama kumsifu marehemu. Mara nyingi msifu huyo ni yule aliyempenda kuliko wote. Nasi tusikiao hujiuliza moyoni: Je, haya yote ni kweli? Kisha laja swali la pili, gumu zaidi: Kama asingalimpenda, angaliyajuaje haya anayotuambia? Kitabu nitakachowaeleza mwezi huu kinatuweka katikati ya maswali hayo mawili. Kiliandikwa kwa Kiarabu yapata miaka mia nane iliyopita, nacho ni habari za maisha ya Sultani Salahuddin, ambaye Wazungu wamezoea kumwita Saladin, yule aliyeutwaa mji wa Yerusalemi mikononi mwa Wakristo mwaka 1187.

Najua wako watakaosema, "Sultani huyu alipigana na Wakristo, habari zake zatufaa nini?" Nawaomba wavumilie. Vita vile viitwavyo Vita vya Msalaba viliandikwa na watu wa pande mbili. Waandishi wa Ulaya wa zama zile waliwaita Waislamu wapagani, ingawa Waislamu humwabudu Mungu mmoja. Na mwandishi wetu huyu naye, awatajapo Wafaranji, yaani Wazungu waliokuja Shamu kupigana, mara nyingi huongeza neno la kuwaapiza. Basi asomaye maneno ya upande mmoja tu amesikia nusu ya shauri, na hukumu ya shauri lililosikiwa nusu twajua sote ilivyo.

Kitabu chaitwa al-Nawadir al-Sultaniyya wa'l-Mahasin al-Yusufiyya, maana yake, Mambo Adimu ya Sultani na Mema ya Yusufu. Msishangae kusikia jina la Yusufu. Salahuddin ni jina la heshima. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Yusufu, na baba yake Ayubu, majina tuyajuayo sana sisi tusomao Biblia. Kitabu hiki hakikuzaliwa mtamboni. Kiliandikwa kwa mkono, kikanakiliwa kwa mkono. Nakala moja ilikuwa katika chuo kikuu cha Leiden, nchi ya Uholanzi, na mwaka 1732 mwanachuoni Albert Schultens akaipiga chapa pamoja na tafsiri ya Kilatini. Mwaka 1897 tafsiri ya Kiingereza ilichapwa London, na mwaka 1964 mwanachuoni wa Misri, Gamal el-Din el-Shayyal, akatoa Cairo chapa mpya ya Kiarabu. Atakayekisoma asichoshwe na majina, maana majina ya kigeni humo yamevishwa kanzu ya Kiarabu. Mfalme Richard wa Uingereza ni Malik al-Inkitar, na Reginald wa Châtillon ameitwa Arnat.

Sasa mwandishi mwenyewe. Bahauddin ibn Shaddad alizaliwa mwaka 1145 katika mji wa Mosul, ulio ng'ambo ya pili ya mto Hidekeli kutoka magofu ya Ninawi, mji ule aliotumwa Yona. Alisoma Kurani na sheria, akasomesha Baghdad, kisha akarudi kusomesha kwao. Alikuwa mwalimu kama sisi. Tena angalieni jambo hili: watawala wa Mosul walikuwa wapinzani wa Salahuddin, naye Salahuddin aliuzingira mji wao. Ibn Shaddad alitumwa na mabwana zake kuwa mjumbe, na mwaka 1186 alikuwa miongoni mwa wajumbe waliofanya mapatano ya amani na Sultani. Basi alimjua Sultani kwanza kwa upande wa pili wa meza, si kwa kula mezani pake. Mwaka 1188, baada ya kuhiji Makka, alikwenda kuzuru Yerusalemi; Sultani akamwita, akapendezwa na kitabu alichokuwa amekitunga juu ya fadhila za jihadi, akamfanya kadhi wa jeshi. Tangu hapo hawakuachana sana hata Sultani alipofariki Dameski, tarehe 4 Machi 1193.

Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza yaeleza kuzaliwa kwa Sultani na tabia zake, kila tabia kwa mlango wake: imani, haki, ukarimu, ushujaa, saburi, upole. Ya pili yafuata vita vyake mwaka kwa mwaka mpaka kufa kwake. Sehemu ya kwanza ndiyo inayopendeza zaidi kusoma, nayo ndiyo tuipasayo kuiangalia kwa macho makali zaidi. Nitaeleza kwa nini.

Uzuri wa Ibn Shaddad umo katika mambo madogo. Waandishi wengi wa wafalme hutuambia kwamba mfalme alikuwa mpole, wakanyamaza, kana kwamba neno lao latosha. Huyu hutuonyesha. Asimulia kwamba siku moja mtumwa mzee alimletea Sultani barua ya maombi. Sultani alikuwa amechoka, akataka aachwe kwanza. Mzee hakukubali, akamsogezea barua karibu na uso. Sultani akajitetea kwamba kidau cha wino hakipo. Mzee akatazama, akakiona ndani ya hema, akamwonyesha; maana yake, Chukua basi uandike. Sultani akaegemea mkono mmoja, akaunyosha wa pili kwa taabu, akakifikia kidau, akaandika alichoombwa. Kadhi alikuwapo. Hakuna vita hapo wala panga. Ni kidau cha wino tu. Lakini msomaji akifunga kitabu atakumbuka mkono ule ulionyoshwa, hata akisahau majina ya ngome zote zilizotekwa.

Vivyo hivyo habari ya mama Mfaranji. Wakati wa vita vya Aka, mji ambao katika Matendo ya Mitume waitwa Tolemai, wezi wa upande wa Waislamu waliingia usiku katika kambi ya Wafaranji, wakamwiba mtoto mchanga wa miezi mitatu. Mama yake akalia usiku kucha. Wakubwa wa Wafaranji wenyewe wakamshauri aende kwa Sultani, kwa kuwa ana huruma. Akaja, akajitupa chini akilia. Sultani alipoelezwa machozi yalimtoka, akaamuru mtoto atafutwe. Kumbe amekwisha kuuzwa sokoni! Sultani akamlipa mnunuzi fedha yake, mtoto akarudishwa, mama akamnyonyesha huku watu wakitazama na kulia. Kisha akapandishwa farasi, akarudishwa kambini kwao pamoja na mwanawe. Kadhi asema kwamba alikuwapo, akaona kwa macho yake. Nami naiamini habari hii kwa sababu moja zaidi: mwanzo wake hauwapi sifa Waislamu. Mwenye kutunga uongo wa kumsifu bwana wake asingalianza kwa kutuambia kwamba watu wa bwana wake waliiba mtoto mchanga wakamuuza.

Hapo twafika kwenye sifa ya pili ya kitabu, yaani ukweli unaomwumiza msemaji. Asimulia jinsi Wafaranji walivyokwenda kwa safu kando ya bahari mwaka 1191, wakipigwa mishale njia nzima, naye akawaona askari wa miguu wenye mishale mingi imewachoma mavazi yao mazito mgongoni, nao wakizidi kwenda bila kuvunja safu. Awastaajabia kwa saburi yao, nao ni adui anaowaapiza. Katika vita vya Arsuf, tarehe 7 Septemba 1191, haandiki kwamba alisimama imara. Aandika kwamba watu walikimbia, naye akatafuta pa kukimbilia, huku na huku, mpaka akaikuta bendera ya Sultani imesimama na watu wachache tu. Na ya Yafa mwaka 1192 aeleza pia: Sultani aliwaamuru askari wake washambulie, nao hawakutaka, na mmoja wa wakubwa akamjibu maneno ya ukali mbele ya watu. Mambo hayo si ya kumpamba mfalme.

Iko habari nyingine isiyomhusu Sultani hasa, nami siwezi kuiacha. Aka ilipozingirwa, mpiga mbizi mmoja jina lake Isa alikuwa akiogelea usiku chini ya merikebu za adui, akiwapelekea waliomo mjini barua na fedha alizojifunga kiunoni. Usiku mmoja alijitosa na dinari 1,000 na barua, asionekane tena. Watu wakamdhania mabaya. Siku chache baadaye maji yakamtupa pwani ya mji maiti, na fedha na barua zilizopakwa nta zimo kiunoni. Kadhi astaajabu kwamba mtu alitimiza amana yake hata baada ya kufa. Walimu wenzangu, habari hii yafaa kusomewa watoto.

Sasa upande wa pili. Wahenga husema, ukipenda, chongo huita kengeza. Ibn Shaddad alipenda, naye makengeza yamo kitabuni mwake.

La kwanza ni hilo la kupanga maisha ya mtu kwa milango ya wema. Ukisha kuandika juu ya mlango neno "Imani", kila utakachokiingiza humo kitahesabiwa kuwa wema. Mwaka 1191 mwanafalsafa al-Suhrawardi aliuawa katika mji wa Aleppo, ambao Waarabu huuita Halab, kwa amri ya Sultani iliyopitia kwa mwanawe al-Zahir, kwa kuwa alishtakiwa kwamba mafundisho yake yanaiharibu sheria. Mwandishi atia habari hiyo miongoni mwa dalili za bidii ya Sultani katika dini. Haulizi kama mtu yule alisikilizwa sawasawa. Yeye kadhi, ambaye kazi yake ni kuuliza, hapo hakuuliza. Wala tusimcheke, maana Wakristo pia katika karne zile na zilizofuata waliwachoma moto watu kwa mafundisho yao, na waandishi wao wakayaita mambo hayo bidii.

La pili ni kuchanganya alichokiona na alichokisikia. Vita vikubwa vya Hattin vilipiganwa tarehe 4 Julai 1187, na Yerusalemi ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, kabla kadhi hajaingia katika utumishi. Ile habari mashuhuri ya jinsi Sultani alivyompa mfalme mateka kikombe cha maji ya baridi, kisha akamuua Reginald aliyevunja ahadi na kuuteka msafara wa wasafiri, aliisikia, hakuiona. Ni haki yake kusema kwamba yeye mwenyewe ametuonya: atangaza katika kitabu wakati ule alipoanza kuandika aliyoyashuhudia. Lakini msomaji mwepesi hulisahau onyo hilo, maana yaliyosikiwa yameandikwa kwa rangi ile ile ya yaliyoonwa.

La tatu ndilo zito. Mwezi wa Aprili 1192 Conrad, bwana wa mji wa Tiro, alichomwa visu njiani. Ibn Shaddad aandika kwamba wauaji walipoulizwa walisema wametumwa na mfalme wa Uingereza. Akaishia hapo. Bali mwandishi mwingine Mwislamu wa wakati ule ule, Ibn al-Athir, asema kwamba ni Salahuddin aliyepatana na mkuu wa wauaji hao. Ibn al-Athir naye ana upande wake, maana moyo wake ulikuwa kwa ukoo wa watawala ambao Salahuddin aliwanyang'anya nchi nyingi. Basi hapa pana mashahidi wawili, mmoja anapenda na mmoja hapendi, na maneno yao hayapatani. Mimi sikati shauri hili. Ninaloliona ni kwamba kadhi wetu alilipokea neno baya la adui kwa wepesi, ambao asingaliutumia kama neno hilo lingalikuwa la bwana wake.

Tena tusisahau alikoishi. Baada ya Sultani kufa, Ibn Shaddad aliishi miaka 41 zaidi. Alikuwa kadhi wa Aleppo chini ya al-Zahir, mwana wa Salahuddin, akapewa heshima nyingi, akajenga madrasa, akafa mwaka 1234. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu alikuwa amekwisha kufa, lakini wanawe walikuwa wakitawala.

Je, tukitupe kitabu? La, hasha. Ibn Shaddad ameita chongo kengeza, ndiyo; ila hakuufunika uso. Ameuacha wazi, nasi twaweza kutazama wenyewe. Mambo yote niliyoyatumia hapa kumpunguzia Sultani sifa, isipokuwa lile la Ibn al-Athir, nimeyapata katika kitabu cha rafiki yake. Shahidi mwenye hila asingaliyaacha humo.

Angalieni jambo la mateka wa Aka, ambalo kwetu Wakristo ni chungu. Mwaka 1191, mji ulipokwisha kuanguka, mfalme Richard aliwatoa mateka wa Kiislamu wapatao elfu tatu, wamefungwa kamba, wakauawa wote uwandani. Kadhi alikuwa kambini. Tungalitazamia aandike matusi tu. Badala yake atafuta sababu: wako waliosema kwamba ni kisasi cha Wafaranji waliouawa kwanza, wako waliosema kwamba mfalme alitaka kwenda Ashkeloni, akaogopa kuacha nyuma mateka wengi hivyo. Akamwachia Mungu ajuaye. Kisha hakuficha kwamba baada ya siku ile Sultani naye aliwaua Wafaranji waliotekwa. Mwenye kusoma habari hii akiwa Mkristo hapati pa kujificha, na mwenye kuisoma akiwa Mwislamu hapati pia.

Katika mlango wa haki mna shauri moja ambalo kwangu ni ufunguo wa kitabu kizima. Mfanyabiashara mzee, Umar wa Khilat, alikuja Yerusalemi kumshtaki Sultani mwenyewe mbele ya Ibn Shaddad. Alidai kwamba mtumwa fulani aliyekufa na mali alikuwa wake, na Sultani ameichukua mali hiyo. Sultani hakukasirika. Alishuka mahali pake, akaketi sawa na mshtaki. Hati ikasomwa, mashahidi wakasikilizwa. Ikaonekana kwamba mwaka ule uliotajwa katika hati mtumwa yule alikuwa kwa Sultani huko Misri, na madai yakaanguka. Ndipo kadhi akamwombea mzee yule, asirudi mikono mitupu, na Sultani akampa vazi na fedha.

Basi nasi tukisome kitabu hiki kama shauri lile lilivyosikilizwa. Tumshushe Sultani mahali pake pa juu, tumketishe mkekani sawa na watu wengine. Tumketishe na kadhi wake karibu naye, maana leo yeye si mwamuzi tena, ni shahidi. Tumwulize maswali matatu: Uliliona hili, au uliambiwa? Wasimulia jambo, au watoa hukumu? Na neno hili, je, lakugharimu kitu, au lakupa faida? Lililoonwa, likasimuliwa bila hukumu, tena likamgharimu msemaji, hilo tulishike kwa mikono miwili. La kusikia, lenye hukumu ndani yake, lenye faida kwa msemaji, tulishike kwa vidole viwili tu. Maswali hayo yafaa hata barazani, tuletewapo habari za jirani tumpendaye au tusiyempenda.

Kwa kipimo hicho, sehemu ya mwisho ya kitabu ndiyo imara kuliko zote. Mwenye Misri na Shamu alikufa akiwa na dirhamu 47 za fedha na dinari moja ya dhahabu katika hazina yake. Hakuacha nyumba, wala bustani, wala shamba. Kadhi aeleza kwamba vyombo vya mazishi vilipatikana kwa kukopa, hata majani makavu ya kuchanganya na udongo wa kaburi. Twaweza kumlaumu mfalme asiyeweka akiba, maana wanawe na ndugu zake waligombana baadaye, na hazina tupu haimsaidii mrithi. Lakini kwamba hakujilimbikizia, hilo shahidi aliliona, akalihesabu sarafu kwa sarafu. Katika majalada mengi ya sifa za wafalme wa zamani, ni machache ambayo ukiyapekua utakuta majani makavu ya kukopwa. Kwa ajili ya majani hayo, na kidau kile cha wino, nawasihi wasomaji wakikiona kitabu hiki kwa lugha yo yote waijuayo, wakisome chote.